Mbuzi wa Mama Kwanza

Majina ya watu wote waliokuwapo ninayo kichwani, mpaka la dereva wa pikapu na la jirani aliyetufungulia lango kule Makueni. Lakini hapa sitayaandika. Mtu akitajwa kitabuni bila kuulizwa ni kama amepigwa picha akiwa anakula. Nitasema mwanangu, nitasema mke wa mwanangu, nitasema mjukuu, na nyinyi mtafuata tu.

Mjukuu wangu huyu ndiye wa kwanza kwetu Mutomo kupanda ndege. Alienda ng'ambo kusomea kazi ya maabara, kupima damu za wagonjwa, na huko akapatana na kijana wa Kyuso, Kitui hii hii yetu. Hebu fikiria. Mtu atoke Mutomo, avuke bahari, aende akapatane na mtu wa Kyuso! Mimi mwenyewe Kyuso sijawahi kufika. Nilipoambiwa nilicheka, nikasema Mungu akitaka kukutuma kwa jirani anaweza kukuzungusha dunia nzima kwanza.

Kijana alikuwa na karatasi za kudumu za nchi ile. Mjukuu alikuwa na viza ya masomo, na masomo yalikuwa yamefika mwisho. Siku moja akanipigia simu, mimi nyanya yake.

"Susu, hii viza ni kama viti vya kanisa. Mimi nimekalia kiti cha vijana. Sasa ibada ya vijana imeisha, wanafagia. Nikitaka kubaki huku na yeye lazima nihamie upande wa akina mama walioolewa. Na mlangoni wananiuliza, wewe umeolewa kweli?"

"Na wewe umeolewa kweli?"

"Ndiyo shida, Susu."

Kufunga ndoa kule kulikuwa na foleni ndefu kuliko muda aliobakiwa nao. Kuja kuandikisha ndoa ya serikali hapa, kuna tangazo la kubandikwa mlangoni na watu wangoje wasikie kama kuna mwenye pingamizi, na likizo ya kijana haikutosha kungojea hayo. Njia iliyobaki ilikuwa hii ya kwetu. Ndoa ya mila ikitimizwa, chifu anaandika barua, mashahidi wa pande zote mbili wanaenda kwa msajili Kitui mjini, na cheti kinatoka. Cheti hicho ng'ambo wanakiheshimu. Asipokipata, viza inaisha, yeye anarudi Mutomo na kijana anabaki kule na kazi yake, na ndoa ya kupigiana simu mimi nimeiona kwa majirani, haina miguu.

Basi wakaja wote wawili.

Kwetu Ukambani ndoa haianzi kwa pete. Inaanza kwa ntheo. Ni mbuzi, wanaletwa nyumbani kwa msichana na watu wa mvulana. Mmoja anachinjwa siku hiyo hiyo na pande mbili zinakula nyama pamoja, wengine wanabaki bomani. Hayo mengine, mablanketi, ng'ombe, matangi ya maji ya siku hizi, yanaweza kulipwa mpaka mtu azeeke. Lakini bila ntheo hujaoa. Hata mwanamke akifa, kwao wanaweza kuja kumdai wamzike kwao, na huna mdomo wa kuwajibu.

Tuliketi kupanga siku ya kupokea watu wa Kyuso. Ndugu mdogo wa marehemu mume wangu ndiye mzee wa ukoo sasa, na yeye hana haraka hata akiwa anakunywa maji. Alisikiliza habari yote ya viza, akatikisa kichwa, akauliza kwa upole:

"Na mama yake huyu msichana, mbuzi wake wa ntheo walipelekwa lini?"

Mwanangu akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo.

Niwaambie ilivyokuwa. Mke wa mwanangu alitoka Makueni akaja kwetu mwaka wa ukame, mwaka ambao ng'ombe walikuwa wanasimamishwa kwa kuinuliwa mkia. Mbuzi wa kupeleka hawakuwapo. Mwanangu akasema, mvua ikinyesha. Mvua ikanyesha, wakapata mtoto. Halafu nyumba ikataka mabati, halafu karo, halafu baba yake akaugua. Kila mwaka ulikuja na sababu yake mkononi. Na mwanamke mwenyewe hakuuliza. Alilima ndengu, alizaa, alimwosha baba mkwe wake alipokuwa hajiwezi, akawa kiongozi wa akina mama kanisani. Ulikuwa ukimwona akipita na kitambaa chake cheupe huwezi kufikiri kwamba kuna kitu hakijalipwa. Tukasahau wote. Hapana, si kusahau. Tulizoea.

"Mbuzi wa binti hawaingii boma ambalo mbuzi wa mama hawajatoka," mzee akasema. "Mkipokea, mnaalika laana kwa mtoto. Mimi sitaketi hapo."

Mjukuu akaruka. "Babu, lakini sheria haisemi hivyo!"

"Sheria inasema nini?"

"Inasema mila itimizwe."

"Haya basi. Mila ndiyo hii unaiona, imekaa hapa inakunywa chai."

Kijana wa Kyuso, kwa adabu, akauliza kama chifu hawezi kuandika barua tu, kwa kuwa muda ni mfupi. Mzee akamgeukia kwa huruma. Chifu wetu ni mtu wa kanisa na tena ni wa ukoo huo huo. Alipopigiwa simu tulimsikia sote: "Niandike mila imetimia na mimi najua haijatimia? Na kesho nisimame nisome Biblia kwa mdomo gani?"

Wakati huo wote mke wa mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Nilimwangalia. Nilidhani atalia au atakasirika, kwa maana mwanamke mzima kujadiliwa hivyo mbele ya mkwe wake mtarajiwa si jambo dogo. Akaweka chupa mezani pole pole, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe mtoto na mama, wote hatuna viza!"

Tukacheka na sisi, tena kwa nguvu, kama watu waliopona. Lakini yeye alikuwa amemaliza kucheka kabla yetu. Akamwambia mume wake, mbele yetu sote:

"Basi mimi nakwenda kwetu. Mkinitaka, barabara mnaijua. Siku hizi ina lami."

Asubuhi yake akafunga begi akapanda basi la Kibwezi, njia ya Makueni.

Sijui kama mmewahi kuona boma ambalo mwenye kulishika ameondoka. Mwanangu hakujua unga wa watoto wa jirani wanaokuja kunywa uji uko kwenye debe lipi. Kuku walimfuata yeye kila aendako kana kwamba amewafichia mama yao. Alipika muthokoi, mahindi yale yaliyokobolewa, bila kuyaloweka, tukayatafuna jioni nzima kama mbuzi tuliokuwa tukiwatafuta. Mjukuu akaniambia kando, "Susu, mama akikataa kurudi je? Mimi nitakuwa nimempotezea baba mke ili nipate mume."

"Mama yako hajakataa," nikamwambia. "Mama yako amekaa mahali ambapo mtu anaombwa. Hajawahi kupakalia hapo."

Mwanangu alitaka kuwatuma wazee na mbuzi, yeye abaki na mifugo. Nikamwambia: "Utaenda. Na utaoga. Na utavaa lile koti lako la ibada."

"Mwaitu, mama yangu, mimi ni mtu mzima. Nina mvi. Watanicheka."

"Wacha wakucheke. Umeshawahi kufa kwa kuchekwa?"

Tukaondoka na pikapu, mbuzi nyuma, wazee wawili wa ukoo, mimi, mwanangu, na mjukuu aliyekataa kuachwa. Kijana wa Kyuso alibaki, kwa maana si haki mkwe mtarajiwa aone baba mkwe wake anavyohangaishwa. Tulipita Ikutha, tukavuka daraja la Mto Athi, maji chini yamekuwa kamba nyembamba ya kahawia, tukaingia Makueni. Kwao mke wa mwanangu ni kwenye vilima, nchi ambayo machungwa yameikubali. Mwaka nilipoenda kumwona msichana mara ya kwanza yalikuwa mashamba ya mahindi matupu. Sasa miti imejaa mpaka kwenye lango.

Baba yake alishakufa. Anayekaa mahali pake ni kaka yake mkubwa, mwalimu mstaafu, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita watoto gwaride. Alikuwa ameketi kwenye baraza na wazee wake. Hakusimama.

"Karibuni, wageni. Mmepotea njia?"

"Hatujapotea," nikasema.

"Ah, maana watu wa kutoka kwenu hatuwaoni huku. Nikafikiri labda mnatafuta soko la mbuzi."

Wazee wake wakacheka ndani ya kofia zao. Wazee wetu wakaangalia chini. Mimi nikaona heri nianze. Nikamwambia hapa si mahali pageni kwangu. Nikamtajia nani aliketi wapi siku ile nilipokuja: baba yake kwenye kigoda karibu na ghala, jina lake na jina la baba yake, shangazi yao aliyenipa maji kwenye kikombe cha bluu, jina lake, ndugu waliokuwa wanapura mbaazi, wote kwa majina, mmoja mmoja, na yeye mwenyewe, kijana wa kaptura ya ualimu, aliyekuja kunisalimu akakimbia. Wazee walianza kuitikia kila jina kama watu wa kwaya. Mmoja akafuta macho.

Kaka mtu alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Majina unayo, mwaitu. Nakuheshimu. Mbuzi je?"

Na mbuzi mmoja huko kwenye pikapu, sijui nani alimfundisha, akalia. Hapo hata yeye alicheka. Lakini kicheko hakikukaa usoni.

"Nimewaona hao mbuzi," akasema. "Nimeambiwa pia wamekuja kwa nini. Hao si mbuzi wa dada yangu. Ni mbuzi wa ndege. Mtoto wenu anataka karatasi, ndiyo mkakumbuka kuna mtu hapa alizaliwa. Mnajua baba yetu alikuwa anaulizwa na wenzake, binti yako yuko wapi? Na alikuwa anawajibu nini? Ametembea. Ametembea tu, atarudi. Mpaka anaingia kaburini binti yake alikuwa ametembea."

Mjukuu alinishika mkono. Niliona safari yake yote imesimama pale, kwenye mdomo wa mtu mmoja mwenye haki.

"Lakini mimi siye wa kukataa wala kukubali," akaendelea. "Mwenye jambo yuko ndani. Aitwe."

Mke wa mwanangu akatoka. Alikuwa amevaa leso mpya mbili na kitambaa kipya kichwani, amepambwa na dada zake, amepakwa mafuta. Sikumtambua kwa dakika nzima. Nilimwona alivyokuwa mwaka ule wa ukame.

Kaka yake akamuuliza, kama wasichana wote wanavyoulizwa: "Dada, watu hawa unawajua?"

Akatuangalia mmoja mmoja, bila haraka. "Nawajua wote," akasema. "Isipokuwa mmoja."

"Yupi?"

Akamwonyesha mume wake kwa kidevu. "Yule mwenye koti. Sijawahi kumsikia akiniomba."

Dada zake wakapiga kelele za kufurahi, wazee wakapiga fimbo chini. "Asimame! Bwana arusi asimame!" Mwanangu akasimama, lile koti linambana mabega. Alifungua mdomo, ikatoka sauti ya mtu aliyemeza moshi.

Sijawaambia kwamba mama mzazi wa mke wa mwanangu alikuwa bado hai, yuko jikoni. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani ovyo ovyo. Kuna haya ya mila kati yao, na yule mama ameishika maisha yake yote. Basi alikuwa ameketi nyuma ya ukuta, anafuata kila neno. Ikasikika sauti yake kutoka huko:

"Mwambieni aseme kwa nguvu! Masikio yangu siku hizi yanataka kubembelezwa!"

Boma zima likaanguka kwa kicheko. Na mimi nadhani kicheko hicho ndicho kilimfungua mwanangu.

"Nimekuja kumwomba," akasema, sasa kwa sauti. "Ndege ndiyo imenishtua, hiyo siwezi kuficha, na kaka amesema kweli. Ningekuja kabla. Lakini sikuja kuomba cheti. Miaka yote hii nimekula chakula cha mikono yake kama mtu aliyekikuta njiani. Hizi siku ambazo hakuwapo nimeona njia haina chakula." Akawageukia wazee. "Baba yenu simpati tena nimwambie. Nawaambia nyinyi. Binti yake hakutembea. Yuko kwake. Mkikubali, yuko kwake."

Kaka mtu alikuwa anaangalia machungwa. Halafu akamgeukia dada yake, na sauti ya gwaride haikuwamo tena.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Tufanyeje na hao mbuzi?"

Mke wa mwanangu akarekebisha leso yake. "Washushwe," akasema. "Wamesimama juani tangu asubuhi."

Ngemi zilizotoka jikoni, vigelegele vya kwetu! Yule mama mzee alianza peke yake, nyembamba na ndefu, dada wakampokea, na mimi nikasahau kwamba nilikuja na upande wa waombaji, nikapiga zangu pia. Mbuzi akachinjwa, tukala pande zote mbili kwenye sahani moja, na chai na soda, kwa maana wote ni watu wa kanisa na pombe ya zamani hatunywi. Mjukuu aliandamwa na wajomba zake kila kona, wakimwambia wewe sasa ndiyo umezaliwa.

Wakati wa kurudi, mke wa mwanangu alipanda mbele kwa dereva, na mimi kando yake, na gunia la machungwa miguuni. Mwanangu alipanda nyuma, mahali pa mbuzi, na koti lake. Alipolalamika kwamba kuna harufu, mkewe akatoa kichwa dirishani akamwambia, "Bwana arusi, vumilia."

Kutoka hapo mambo yalikimbia. Watu wa Kyuso walifika kwetu na mbuzi wao, wanyama wazuri, wa nyama kweli, na mzee wetu wa ukoo aliketi mbele kabisa bila kuambiwa. Kaka mtu alikuja kutoka Makueni kama mjomba wa msichana. Yeye ndiye alimuuliza mjukuu kama watu wale anawajua, na mjukuu akajibu kabla swali halijaisha, mpaka shangazi mmoja akamkemea: "Wewe, jifanye unafikiri kidogo!" Chifu aliandika barua yake kwa moyo mweupe. Kitui mjini msajili aliuliza mashahidi maswali, akatazama picha, akaona mbuzi, akaona wazee, akaona bwana na bibi wamekaa wanakula, akapiga muhuri. Mjukuu alikikumbatia cheti kifuani njia nzima kama mtoto wa siku arobaini.

Wakarudi ng'ambo. Aliomba kuhamishwa kutoka viza ya masomo kwenda ya mke wa mtu, na tukaanza kungoja. Huko kungoja sikuelezi vizuri. Mtu anayengoja mvua anaangalia mawingu. Hapa hakuna cha kuangalia. Mjukuu alikuwa akipiga simu anasema bado, na mimi nasikia katika ile bado kwamba amelia. Kuna msichana mwenzake alikuwa amekataliwa, akapewa muda wa kufunga mizigo.

Lakini huku nyumbani kitu kilikuwa kimeamka. Habari za Makueni zilifika kanisani kabla yetu. Wanawake wawili wenye wajukuu waliwauliza waume zao swali moja tu wakati wa chakula, na mwezi haujaisha, wanaume hao wakaonekana soko la mbuzi, wamevaa kofia chini kabisa ili wasijulikane. Tuliwajua. Mmoja alinikuta njiani anavuta mbuzi, akasema anawapeleka kwa daktari wa mifugo. Nikamwambia, "Wape salamu wakwe zako."

Siku ilipofika ilikuwa Jumapili, tumetoka ibada, tuko uani mimi na mke wa mwanangu tunapepeta ndengu kwa kuwa mvua ilikuwa inatishia. Simu ikalia, ile ya kuonana sura. Mjukuu alikuwa ameshika kadi ndogo mbele ya uso wake, hata uso hauonekani.

"Mwaitu! Susu! Mnaona?"

"Tunaona kadi," nikasema. "Imeandikwa nini? Mimi hicho Kiingereza hakinijui."

"Imeandikwa nikae! Imeandikwa nikae na yeye, na nifanye kazi!"

Nyuma yake kijana wa Kyuso alikuwa anaruka, tunaona kichwa kinapanda na kushuka. Mke wa mwanangu aliiweka simu chini, juu ya ungo, katikati ya ndengu, akainua mikono, akaanza kucheza. Mabega kwanza, kama wanavyocheza kwao Makueni, halafu kila kitu. Nikasimama na mimi. Goti langu lilikataa, nikalipuuza. Mwanangu akatoka mbio nyumbani akidhani kuna nyoka, akatukuta, akaingia katikati. Jirani akaita kutoka ng'ambo ya ua, "Kuna nini huko?" na hakungoja kujibiwa, alikuja akipiga ngemi tayari.

Na kutoka kwenye ungo tulisikia sauti ya mjukuu, ndogo, inapiga kelele:

"Mko wapi? Mbona naona mawingu tu?"